Nacque, Visse, Morì: Wakati Uliopita Unaokaa Vitabuni

Mabibi na mabwana, walimu wangu mlionitangulia katika kazi hii ya kufasiri, na ninyi wanafunzi mliokaa kule nyuma karibu na madirisha:

Mtu anayetembea katika mji wowote wa Italia, uwe Torino au Palermo, hachukui muda kuviona vibao vya marumaru vilivyopachikwa kwenye kuta za nyumba za kale. Kibao kimoja husema qui nacque, yaani hapa ndipo alipozaliwa fulani. Kingine husema qui visse, hapa ndipo alipoishi. Na cha tatu husema qui morì, hapa ndipo alipofia. Vitenzi hivyo vitatu, nacque, visse na morì, vimo katika umbo ambalo sarufi ya Kiitaliano huliita passato remoto, nami leo nitaliita wakati uliopita wa mbali. La kustaajabisha ni kwamba mwenyeji wa Torino apitaye chini ya kibao hicho kila asubuhi akienda kununua mkate, akakisoma na kukielewa bila taabu, huenda asilitamke umbo hilo katika mazungumzo yake mwaka mzima. Akirudi nyumbani atamwambia mkewe ho comprato il pane, nimenunua mkate, na lau angesema comprai il pane, mkewe angemtazama kama atazamwavyo mtu aliyevaa joho la arusi kwenda sokoni.

Nayasema haya kwa kuwa mimi mwenyewe nilikisoma Kiitaliano vitabuni kabla ya kukisikia vinywani mwa watu. Siku nilipofika Milano mwenyeji wangu aliniuliza nimefika lini, nami kwa fahari ya mwanafunzi aliyekariri majedwali yote ya vitenzi nikamjibu arrivai ieri, nilifika jana. Hakunicheka, maana alikuwa mtu mwenye adabu, bali aliniuliza kwa upole kama mwalimu wangu alikuwa padri. Miaka kadhaa baadaye nilikuwa Sicilia, nikitumia sono arrivato, nimefika, kwa uangalifu wote niliofunzwa Milano, na mama mmoja muuza samaki akaniuliza quando arrivasti, ulifika lini, kwa umbo lilelile nililofunzwa kuliacha, ingawa mimi nilikuwa nimeingia mjini asubuhi hiyohiyo. Nikabaki nimesimama na samaki wangu mkononi, sijui nimwamini nani.

Tuanze na asili, kwa sababu umbo hili si pambo lililobuniwa na waandishi. Limerithiwa kutoka Kilatini, ambacho kilitumia neno moja zima kwa jambo lililotendeka likaisha: cantavi, niliimba, limekuwa cantai katika Kiitaliano, dixi, nilisema, limekuwa dissi, scripsi, niliandika, limekuwa scrissi, na feci na vidi hayakubadilika hata herufi moja. Maneno matatu yanayosifika kuwa ya Julius Caesar, veni, vidi, vici, Mwitaliano huyasema venni, vidi, vinsi, nasi tunayasema nilikuja, nikaona, nikashinda. Naomba mlishike lile -ka-, maana nitalirejea. Umbo la pili, passato prossimo, wakati uliopita wa karibu, ndilo mgeni. Lilizaliwa wasemaji wa Kilatini walipoanza kukitumia kitenzi chao cha "kuwa na kitu" pamoja na jina la kitu kilichotendwa, hata kauli yenye maana ya "ninayo barua iliyoandikwa" ikageuka polepole kuwa "nimeandika barua", ho scritto una lettera. Kwa asili yake, basi, anayelitumia umbo hili anakiri kwamba jambo limekwisha kutendeka na bado analo mkononi.

Wanafunzi wengi hulikimbia passato remoto kwa sababu ya vitenzi vyake vikaidi, wala siwalaumu. Kusema dissi ni rahisi, lakini aliyesema dissi hawezi kumgeukia mwenzake na kuendelea na shina hilohilo. Inambidi arudi kwenye shina la kawaida aseme dicesti, kisha disse, kisha dicemmo na diceste, na mwisho dissero. Shina gumu huonekana katika nafasi tatu tu, yaani ya mimi, ya yeye na ya wao, na ukisikiliza vizuri utaona kwamba ni pale ambapo mkazo wa sauti umekaa juu ya shina lenyewe. Mkazo ukihamia mwishoni, shina hurudi kuwa laini. Konsonanti zinazotamkwa kwa uzito katika ebbi, seppi na volli nazo zina historia, kwani ni masalio ya sauti u iliyokuwamo katika habui, sapui na volui ya Kilatini, ambayo iliiachia konsonanti jirani uzito wake kisha yenyewe ikapotea. Sitakaa zaidi hapa. Majedwali yamo katika kila kitabu cha sarufi, na aliyeyakariri bado hajajua lini afungue kinywa.

Swali la lini ndilo lenye ugumu, na jibu lake la kwanza ni ramani. Katika miji ya kaskazini, Torino, Milano, Venezia, lahaja za wenyeji zilikuwa zimekwisha kuliacha umbo hili, au zilikuwa mbioni kuliacha, kabla watu wake hawajaanza kusema Kiitaliano nyumbani. Tukumbuke kwamba Italia ilipounganishwa mwaka 1861, wenye kukisema Kiitaliano walikuwa wachache mno: mwanaisimu Tullio De Mauro aliwakadiria kuwa asilimia 2.5 ya wananchi, na Arrigo Castellani akaipandisha hesabu hadi karibu asilimia 10. Waliobaki walisema lahaja zao, na walipokuja kukipokea Kiitaliano kutoka shuleni, jeshini, na baadaye kutoka kwenye televisheni iliyoanza matangazo yake mwaka 1954, walikipokea kwa mazoea ya vinywa vyao. Kinywa kilichozoea umbo moja tu la wakati uliopita kilichukua lile la ho na sono kikaliacha lingine vitabuni. Jambo hilohilo limetokea katika Kifaransa cha kusemwa na katika Kijerumani cha kusini, kiasi kwamba ukiichora ramani utaona kama doa moja kubwa lililoenea pande zote za milima ya Alpi bila kujali mipaka ya lugha.

Huko kusini, kinyume chake. Sicilia na sehemu kubwa ya Calabria hulitumia umbo la neno moja kwa mambo ya juzi, ya jana na hata ya asubuhi hii. Mama wa Kisicilia hamwulizi mwanawe hai mangiato, bali mangiasti, kwa sauti ileile ambayo mama zetu hutumia kuuliza "umekula?", na umbo la maneno mawili katika lahaja yake huwekewa zaidi jambo lililojirudia mara kwa mara mpaka sasa. Kwa hiyo mama yule wa samaki hakuwa akisema kama kitabu. Alikuwa akisema kama bibi yake. Katikati ya nchi, Toscana, ndipo walipo watu wanaoyatumia maumbo yote mawili kwa kuyatofautisha kama sarufi inavyotaka, na kwa kuwa Kiitaliano sanifu kilijengwa juu ya lugha ya waandishi wa Firenze wa karne ya 14, kwa ushauri wa mwanachuoni Pietro Bembo katika kitabu chake cha mwaka 1525 na baadaye kwa kamusi ya Accademia della Crusca, chama cha wanalugha wa Firenze, ya mwaka 1612, kanuni ya Watoscana ndiyo inayofundishwa kote. Mtoto wa Milano hufundishwa darasani tofauti ambayo haisikii nyumbani, na mtoto wa Palermo hufundishwa tofauti ambayo nyumbani kwake imekaa kinyume.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niikubali nafasi ya kusimama mbele yenu. Majina haya mawili, la mbali na la karibu, yanatudanganya. Yanatufanya tudhani kwamba tofauti ni ya kalenda, kana kwamba kuna siku fulani ambayo jambo likiivuka linahama kutoka umbo moja kwenda lingine. Wako wanasarufi waliojaribu kuuweka mpaka huo. Wale wa Port-Royal huko Ufaransa, mwaka 1660, walisema kuhusu umbo kama hili la Kifaransa kwamba lisitumike kwa jambo lililotendeka leo. Lakini mchukueni mzee aliyezaliwa mwaka 1950. Kuzaliwa kwake kuko mbali sana, hata hivyo atasema sono nato nel 1950, kwa umbo la karibu, kwa sababu yeye aliyezaliwa bado yupo na anaongea. Mshairi Dante, yeye, nacque a Firenze nel 1265 e morì a Ravenna nel 1321. Siku mzee wetu atakapofariki na kibao kikachongwa, sono nato yake itageuzwa kuwa nacque, ingawa kuzaliwa kwake hakukusogea hata siku moja. Kilichobadilika ni uzi uliokuwa ukiliunganisha jambo hilo na msemaji aliye hai.

Ushahidi mwingine ni wa mshairi Giacomo Leopardi, aliyelianza shairi lake la mwaka 1819 kwa maneno sempre caro mi fu quest'ermo colle. Maana yake ni kwamba kilima hiki cha upweke daima kilikuwa kipenzi changu, na msomaji yeyote anaelewa kwamba bado anakipenda na kwamba amekaa hapohapo kilimani akiongea. Kikalenda, fu, yaani kilikuwa, haina haki ya kuwapo hapo. Lakini Leopardi hapimi siku; anayatazama mapenzi yake kwa pamoja, kama mtu anayeutazama mji wake kutoka juu ya mnara. Mwanaisimu wa Kijerumani Harald Weinrich alilieleza jambo hili katika kitabu chake Tempus cha mwaka 1964, akisema kwamba maumbo ya wakati humwambia msikilizaji kwanza kabisa jinsi ya kukaa: haya yanakutaka ukae tayari kwa kuwa jambo linakuhusu sasa, na haya yanakuruhusu uegemee kiti kwa kuwa unasimuliwa hadithi. Naliona jibu hilo kuwa bora kuliko yote niliyoyasoma, japokuwa mama wa samaki angelikataa, na angekuwa na haki.

Ndiyo maana waandishi hawakuweza kuliacha umbo hili hata pale majirani zao walipoliacha. Kitenzi cha kwanza kilichotimia katika tenzi ya Dante ni mi ritrovai, nikajikuta, ndani ya msitu wa giza. Mwishoni mwa wimbo wa tano wa Jehanamu, baada ya kuisikiliza roho ya mwanamke aitwaye Francesca, mshairi anazimia, naye anasema caddi come corpo morto cade. Tazameni jinsi kitenzi kimoja, kuanguka, kilivyowekwa mwanzo na mwisho: caddi ni kuanguka kwake yeye, mara moja, siku ile, cade ni kuanguka kwa maiti zote za siku zote. Kwa Kiswahili nimeutafsiri hivi: nikaanguka kama uangukavyo mwili wa maiti. Kwa mara moja mfasiri hakupata hasara, kwa sababu -vyo yetu isiyo na wakati inafanya kazi ya cade sawasawa.

Alessandro Manzoni, mwandishi wa riwaya, ni kisa cha peke yake. Alikuwa mtu wa Milano, aliyezungumza lahaja ya Kimilano na Kifaransa na jamaa zake, na Kiitaliano chake alikitafuta kama mtu atafutavyo maji ya kunywa. Mwaka 1827, riwaya yake kuu, I promessi sposi, ikiwa imekwisha kutoka mara ya kwanza, alisafiri hadi Firenze kuisikiliza lugha ya wenyeji, kisha akaifanyia riwaya hiyo marekebisho mpaka toleo la mwaka 1840 hadi 1842. Ndani yake mna sentensi ambayo kila Mwitaliano aliyepita shule ya sekondari anaijua: la sventurata rispose. Mtawa wa Monza, aliyefungiwa utawani kwa hila ya baba yake, anasemeshwa na kijana mwovu kutoka dirisha la nyumba ya jirani, na Manzoni anatuambia tu kwamba mwenye bahati mbaya huyo akajibu. Katika rasimu ya kwanza mambo yaliyofuata yalisimuliwa kwa urefu; katika toleo lililochapishwa yamefyekwa yote, na mzigo wote umebebwa na rispose. Jaribuni kuweka ha risposto mahali pake. Mara moja mlango unabaki wazi, tunangoja kusikia matokeo, tunataka kujua alijibu nini. Rispose inaufunga mlango na kutuacha nje, na kilichotendeka ndani tunakijua kwa sababu hatukuonyeshwa. Hata mwandishi Italo Calvino, aliyekulia Sanremo karibu na mpaka wa Ufaransa, alipoiandika mwaka 1957 hadithi yake ya mtoto wa kabaila aliyepanda mtini asishuke tena, aliifungua kwa fu na kwa sedette, alikaa, kwa mara ya mwisho, katikati yetu.

Nilisema nitalirejea lile -ka-. Mara nyingi mwanafunzi wa Kiswahili huambiwa kwamba passato remoto ni -li- na passato prossimo ni -me-, na hesabu hiyo inafaa kwa wiki ya kwanza. Lakini msimulizi wetu hasemi "alisimama, alichukua kofia, alitoka". Husema alisimama, akachukua kofia, akatoka, na Mwitaliano husema si alzò, prese il cappello e uscì. Mnyororo huo ndio makao halisi ya umbo hili, na nje ya mnyororo, pale ambapo mvua ilikuwa ikinyesha na taa ilikuwa ikiwaka, Mwitaliano hutumia umbo jingine, imperfetto: pioveva. Tofauti ya hayo mawili hugeuza hata maana ya kitenzi. Sapevo ni nilikuwa najua. Seppi ni nilipata kujua. Avevo paura ni nilikuwa na hofu; ebbi paura ni hofu ilinishika. Lipo pia umbo la nadra kuliko yote, trapassato remoto, ambalo hata wasomi wa Italia hulitumia kwa nadra: quando ebbe finito, uscì. Sisi hatulioni la ajabu, kwa kuwa husema kila siku alipokwisha kumaliza, akatoka.

Na msidhani kwamba hali ya mtu wa Torino mbele ya kibao cha marumaru ni ngeni kwetu. Katika Al-Inkishafi ya Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, mshairi anapoyatazama majumba ya Pate yaliyoanguka, anasema kwamba nyumba zao ziwele tame, yaani tupu. Mswahili wa Dar es Salaam au wa Nairobi hasemi ziwele, husema zimekuwa. Akilisoma shairi darasani, hata hivyo, hulielewa, na husikia katika mwisho ule wa kale, -ile uliokunjamana ndani ya -wele, ubaridi wa ukuta ambao zimekuwa haiwezi kuuleta. Ukiwaendea watu wa Barawa, huko pwani ya Somalia, wasemao Chimiini, lahaja yao ya Kiswahili, utawakuta wakiutumia mwisho huo wa -ile jikoni na sokoni, kwa mambo ya jana na ya leo, bila ushairi wowote. Yaani wao ni Sicilia yetu, na sisi wengine ni Torino. Historia nayo ina mzaha wake, kwa kuwa Barawa ilitawaliwa na Waitaliano, hivi kwamba kwa miongo kadhaa lugha mbili zenye jambo hili moja zilikaa katika bandari moja, na sidhani kama kuna aliyeligundua.

Nimalizie kwa kazi iliyo mezani kwangu. Napoleone alikufa tarehe 5 Mei 1821 katika kisiwa cha Saint Helena, na habari ilipomfikia Manzoni mwezi wa Julai aliandika kwa siku chache utenzi unaoanza kwa sentensi ya maneno mawili: Ei fu. Yeye, halafu fu, kitenzi cha kuwa katika wakati uliopita wa mbali, bila chochote nyuma yake. Mshairi Goethe aliyeufasiri kwa Kijerumani aliweka Er war, akasonga mbele. Sisi hatuna wepesi huo. Nikiandika Alikuwa, msomaji atangoja: alikuwa nani, alikuwa wapi? Nikiandika Amekwisha, au Ameshapita, nimelirudisha lile -me- na kumshika marehemu mkononi mwa sasa, jambo ambalo Manzoni amelikataa kwa makusudi. Aliishi inaniletea mtu aliyekula na kulala, wakati hapa pana mtu aliyejaza dunia. Alikuwapo inamweka mahali palipo karibu, panapoonyeshwa kwa kidole, kwa sababu ya -po. Mwishowe nimeandika Alikuwako, kwa kuwa -ko ni ya mahali pasipoonyeshwa, huko tu, na ndipo fu inapompeleka mtu.

Mshairi mmoja mzee niliyemsomea alisikiliza, akaniomba nirudie, kisha akahesabu kwa vidole na kuniambia kwamba Manzoni ametumia silabi mbili na mimi nimetumia tano. Ni kweli. Mstari uko hivyo tangu Ramadhani iliyopita, na karatasi sijaipeleka kwa mchapishaji.